Hebu Shika Hapa Kidogo

Jumatatu asubuhi, Ofisi ya Ardhi ikiwa bado haijafunguliwa, Shangazi alikuwa anakamua tambara la deki kwenye ngazi za mbele alipoona kwamba yule mwanamke wa tatu kutoka kushoto hayupo. Wanawake wenyewe walikuwa wa mawe. Walisimama barazani wamebeba paa vichwani tangu jengo lilipojengwa, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanaendeleaje. Huyo wa tatu alikuwa ameacha nyayo mbili na vumbi jeupe lililoshuka ngazi, likavuka barabara, likaishia kituo cha basi.

"Ameondoka lini huyu?" msimamizi wa usafi akauliza.

"Sasa hivi," akasema muuza chai wa pale ngazini. "Nimemuuzia kikombe. Analalamika shingo."

Paa likalia kama mtu anayejigeuza kitandani, likashuka upana wa kidole. Msimamizi akatazama kushoto, akatazama kulia. Wa karibu alikuwa Shangazi.

"Mama, hebu shika hapa kidogo."

Shangazi akasogeza ndoo watu wasijikwae, akavua kitambaa cha kichwa, akakizungusha kikawa kata, akaingia chini ya paa. Alienea kabisa, utadhani alipimwa.

Hicho kidogo kikafika saa ya chai, kikafika mchana, kikafika saa ya kufunga. Wateja walimsalimia wakipita. Mmoja alimwegemea akijaza fomu.

Shida ilikuwa Jumamosi. Jumamosi Shangazi alikuwa anapaua nyumba yake. Vyumba viwili, kuta zimesimama kwa miaka mvua ikizipiga, hadi majani yameota sebuleni marefu ya kuficha kuku. Sasa mbao zipo, mabati yapo, fundi amekubali, na fundi yule ukiikosa siku aliyokupa, mtaonana majaliwa.

"Jumamosi sitakuwepo," akamwambia msimamizi. "Napaua."

"Hongera, mama. Lakini hata hapa ni paa."

"Basi tafuta mtu."

"Mtu wa nini? Hapa pana nafasi ya nguzo, na nguzo haiombi ruhusa. Kibarua mwenyewe hana likizo, sembuse nguzo." Akazima taa, akaenda zake.

Jumanne mchana, binti wa kaka yake akamletea mkate na mayai. Binti alikuwa mwaka wa pili chuo cha ujenzi, na muhula ule walikuwa wanasoma mitindo ya majengo. Kukaa naye tu bila kusikia habari za nguzo kulikuwa hakuwezekani.

"Shangazi, wewe hapo ni Mgiriki," akasema huku akimlisha. "Nguzo wima, boriti imelala juu. Ukiona nguzo zimepangwa mbele na pembetatu juu yake, ndio wao. Uzito unashuka moja kwa moja kwa aliye chini."

"Hilo halihitaji chuo. Nimelijua kwa shingo."

"Sasa sikia. Warumi wakashika tao. Mawe yanapangwa upinde, yanasukumana, kila jiwe linamkabidhi mwenzake. Uzito unakwenda pembeni."

Shangazi akatafuna, akafikiri. "Pembeni kuna nani?"

"Kushoto karani wa hati, kulia karani wa ramani."

"Vijana wale wana afya," akasema Shangazi.

Jengo humsikiliza anayelibeba. Kabla ya muuza chai kumaliza birika lake, boriti ya baraza ilikuwa imejikunja matao, mazuri, ya duara. Karani wa hati na karani wa ramani wakatoka nje kila mmoja amejishika bega. Shangazi akaweza kugeuza kichwa kwa mara ya kwanza tangu jana. Hakuona la ajabu upande ule, lakini alifurahi kuuona.

"Nani kakuruhusu kubadilisha jengo?" msimamizi akauliza.

"Mimi nimeshika tu, kama ulivyosema."

Jumatano Binti alikuja mbio, mayai yamevunjikia kwenye mfuko. "Kigothi, Shangazi! Tao lina ncha juu, kama mikono ya mtu anayeomba. Halafu ukuta haubebi kitu. Uzito unatolewa nje kabisa kwa mikono ya mawe inayoruka hewani na kukanyaga chini kule. Ukuta unabaki kuwa madirisha matupu."

"Kule wapi?"

"Popote penye nafasi."

Penye nafasi palikuwa maegesho ya mkurugenzi. Mikono ya mawe ikaruka juu ya ua, ikatua, mmoja ukiwa juu ya boneti ya gari lake. Masijala, ambako mafaili yalikuwa hayajaona jua, pakaingia mwanga wa rangi nyekundu na buluu. Mzee mmoja aliyekuwa anazungushwa kwa habari ya kiwanja chake akaliona faili lake kutoka foleni, limekalia kiti cha karani, limegeuzwa mto. Akaambiwa arudi wiki ijayo.

Alhamisi walijaribu Kibaroko, kwa sababu Binti alikipenda. Ukuta ukajipinda kama wimbi, nguzo zikasokotwa kama nywele, dari ikajaa mawingu ya plasta na vitoto vinono vya dhahabu. Watu walipiga picha. Shangazi alivumilia robo saa.

"Toa hii. Mapambo yote haya, na yote yamenikalia mimi."

Kitoto kimoja kilichelewa kuondoka, ikabidi muuza chai akitishe na kijiko.

Ijumaa Binti alifika taratibu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Shangazi bado alikuwa chini ya paa.

"Leo tumesoma zege na nondo," akasema. "Hakuna mapambo. Kuta nyeupe, madirisha marefu ya kulala. Nguzo mbele si lazima."

"Si lazima vipi?"

"Paa linatokeza lenyewe, kama mkono ulionyooshwa. Nondo zinalishika kwa nyuma. Ila huko nyuma lazima kuwe na uzito wa kulikalia, tena usiondoke."

"Nyuma kuna nini?"

"Ofisi ya mkurugenzi."

"Yeye huwa anatoka?"

Wote wawili wakamtazama muuza chai, ambaye anajua mambo ya pale.

"Tangu ateuliwe?" akasema muuza chai. "Chakula wanampelekea. Kile kiti na yeye ni kitu kimoja."

"Anza," Shangazi akaliambia jengo.

Zege halilali. Likianza kumwagwa linamwagwa hadi mwisho, na lilimwagika mchana kutwa bila koleo wala mtu, huku wateja wakiinua miguu lipite. Jioni matao yalikuwa yamekwisha. Paa lilikuwa limenyooka mbele, jembamba, safi, bila kushikwa na yeyote. Shangazi akatoa kichwa. Likabaki. Wanawake wa mawe wakashusha mikono mmoja mmoja, wakazungusha shingo, zikalia kama karanga zinazobanjwa. Kule ndani mkurugenzi alihisi kiti kimezama kidogo, akakifurahia.

"Kesho ni wapi?" mmoja akauliza.

Shangazi akawaelekeza.

Jumamosi walifika kabla ya fundi. Hata yule wa tatu alikuja, ametoka kukandwa shingo, kashuka basi na soda mkononi. Walipandisha mbao, wakapokezana mabati, wakashikilia ngazi. Yeye alishika misumari. Kubeba kichwani alikataa, na hakuna aliyemlazimisha. Fundi alilalamika tu kwamba wanamkanyagia mchanga. Mvua ikaanza bati la mwisho likiwa bado linapigwa misumari. Shangazi akaingia sebuleni, akasimama katikati ya yale majani, akanyoosha kiganja. Kikavu. Akacheka hadi ikabidi akae chini, na Binti akakaa naye, na wanawake wa mawe wakasimama mlangoni wakisikiliza mabati yakipigwa na mvua ambayo haikumpata mtu.

Jumatatu akarudi kazini, kibarua vilevile, ndoo ileile. Alikuwa ameshapiga deki nusu ya ngazi msimamizi alipotoka mbio. Mkurugenzi alikuwa na safari, na kila akiinuka paa la mbele lilikuwa linainama. Msimamizi akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama, njoo hebu kaa hapa kidogo."

Shangazi akanawa mikono, akaenda, akakaa. Alienea. Mkurugenzi akaondoka na mkoba wake. Saa ya chai ilipofika Shangazi akaletewa chai, kwa kuwa anayekalia kiti kile huletewa. Akaagiza faili la yule mzee wa kiwanja, akatafuta pa kugonga muhuri, akagonga.

Jioni msimamizi akachungulia mlangoni. "Mama, ngazi zimebaki nusu."

"Nikiinuka unajua kitakachotokea."

Msimamizi akatazama dari. Akachukua tambara na ndoo, akatoka navyo barazani, akatazama kushoto, akatazama kulia. Wa karibu alikuwa muuza chai.

"Mama, hebu shika hapa kidogo."

Muuza chai akafunga birika. Akalitazama lile tambara, kisha akamtazama Binti, aliyekuwa anapanda ngazi na madaftari kifuani, anahema, ana habari.

"Mwanangu," akamwita, "hebu njoo hapa kwanza. Leo mmesoma mtindo gani?"