Milango Kumi na Mmoja

Mbao za mvule nilizikausha miaka miwili chini ya kitanda chetu, kwa sababu karakana ilikuwa inavuja. Mama watoto alinuna, akasema analala juu ya msitu. Nikamwambia avumilie: hiyo ni milango kumi na mmoja ya nyumba ya mdogo wangu, na bila kazi ile nafunga karakana.

Mdogo wangu yuko ng'ambo, anauguza wazee wa watu. Karibu kila nyumba mtaani kwetu ina mtu wake huko, na mwanzoni nilifaidi kwelikweli. Wao wanajenga, mimi napiga randa mpaka vumbi linanijaa puani. Halafu makontena yakaanza kuja kutoka huko. Vitanda, makabati, hata stuli za jikoni, Mungu anisamehe. Mafundi wangu wawili nao wakapanda ndege.

Nyumba ya mdogo wangu niliisimamia mwenyewe, bure. Nafasi za milango mwashi aliziacha kwa kipimo changu. Mwenye nyumba sikumwuliza. Nani anamwuliza mdogo wake milango itatengenezwa na nani, wakati kaka mtu ni seremala?

Mwezi uliopita kontena likashusha milango kumi na miwili ya chuma, pamoja na fremu zake. Nikaipima. Kila mmoja ulizidi nafasi yake kwa upana wa kiganja. Nikampigia simu palepale.

"Haiingii," nikasema, na sifichi, nilikuwa na furaha.

"Aa, kaka, si unavunja ukuta kidogo tu? Wewe fundi, bwana."

"Na mvule wangu?"

"Mvule gani, kaka?"

Mtoto niliyembeba mgongoni! Nilitaka kumtukana. Lakini kweli sikuwahi kumwambia. Niliona ni jambo lisilohitaji kusemwa.

Mwashi naye alikuwa keshaondoka kwenda ng'ambo, kwa hiyo nyundo niliishika mwenyewe. Siku nne nilivunja kuta nilizosimamia zikijengwa, natema mchanga na kulaani. Sasa nyumba ina milango yote, na hakuna anayelala ndani.

"Umebaki mmoja," nikamwambia mdogo wangu kwenye simu.

"Huo wako, kaka, zawadi. Weka karakana. Ule wa mbao si umeshaoza?"

Ule wa mbao aliutengeneza marehemu baba. Niliung'oa mwenyewe, nikapanua ukuta, nikasimamisha chuma. Mvule bado uko chini ya kitanda, na mama watoto halalamiki tena. Afadhali angelalamika.

Jana asubuhi nilipanga randa, msumeno na patasi juu ya meza ya kazi, nikafuta vumbi, nikatoka nje na kufunga karakana. Lakini niseme kweli ya fundi: mlango ule wa chuma unafunga vizuri kuliko wowote niliowahi kutengeneza.