Neno la Lango

"Bread," alisema Mwalimu Mkuu, pua yake ikiwa imejaza kidirisha cha lango.

"Hilo la jana, Mkuu," alijibu mlinzi kutoka ndani.

"La jana? Basi la leo ni table."

"Hilo lilikuwa la Jumatatu."

Gari la shule liliendelea kunguruma bila kwenda popote. Katika kiti cha nyuma, Mama Mwenyekiti wa bodi, mgeni wa heshima wa siku hiyo, aliteremsha kioo ili asipitwe na kitu.

Inafaa kueleza, kwa taadhima yote, jinsi mambo yalivyofika hapo. Muhula uliopita mtundu mmoja wa kidato cha tatu, ambaye jina lake linahifadhiwa kwa usalama wake, aliruka ukuta, akasimama nje ya lango na kuiga kikohozi cha Mwalimu Mkuu kikamilifu, pamoja na ile sehemu ya mwisho inayofanana na injini iliyokataa kuwaka. Mlinzi wa wakati huo alisikia kikohozi, akafungua kwa adabu zote, na nusu ya bweni ikapita mbele yake kwenda kutazama mpira. Kesho yake mlinzi aliondoka na godoro kichwani, mkewe akifuata na ndoo.

Ndipo amri ikatoka. Kila asubuhi Mkuu angechagua neno la Kiingereza la herufi tano kamili, na ndani yake sharti ziwemo A na E. Kwa nini A na E? "Sababu za kiusalama," alisema Mkuu, na hakuna aliyethubutu kuuliza zaidi. Mlinzi mpya angelihifadhi neno kichwani. Anayetoka angenong'onezwa sikioni, anayerudi angelirudisha kidirishani.

"Hata ukiniona mimi mwenyewe kwa macho yako mawili," Mkuu alimwonya, "bila neno usifungue. Ukifungua, siku hiyo hiyo unahama."

Kuhama ndiko kulikomtisha mlinzi. Alikuwa amelinda ghala la mbao, kituo cha mafuta na ghorofa ambayo haikuisha kujengwa, na miaka yote hiyo familia yake ililala sebuleni kwa shemeji, ikikunja mikeka kabla wenye nyumba hawajaamka. Kazi hii ilikuja na vyumba viwili kando ya lango, na mlango wenye ufunguo wao wenyewe. Mkewe alivifagia mara mbili kwa siku, hata pasipokuwa na vumbi. Ila mlinzi alikuwa bado kwenye majaribio, na neno moja la Mkuu lingetosha kuwarudisha sebuleni.

Kiingereza hakikuwa rafiki yake wa karibu. Neno la siku alilishika kwa mkono wa kushoto, herufi moja kwa kila kidole, akianzia gumba. Mkono ukijaa, neno limetimia. Hivyo alitembea kutwa amekunja ngumi kama mtu aliyekamata panzi, na wanafunzi wakambandika jina la Komeo.

"Komeo, usilegeze!" sauti ikatoka darasani. Madirisha yote yalikuwa yameshajaa vichwa.

"Mkuu, jaribu snake!"

"Plane!"

"Peace, Mkuu!"

"Elephant!"

"Herufi tano, wewe! Huyo tembo wako atapita wapi?"

Mwalimu Mkuu aligeukia tena kidirisha. "Snake?" aliuliza kwa unyenyekevu ambao shule ilikuwa haijawahi kuushuhudia.

"Hapana, Mkuu."

"Plane? Peace?"

"Bado, Mkuu."

"Cheat!" akapaza mwingine, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa Kiingereza, ambaye kwa miaka alikuwa akiuliza maswali na kujibiwa na ukuta, alisimama mlangoni akifuta machozi ya furaha.

Mkuu akashusha sauti. "Sikiliza, bwana. Usipofungua sasa hivi, kesho huna kazi."

Mkono wa kulia wa mlinzi ulikuwa tayari juu ya komeo. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Alimwona mkewe amesimama mlangoni, ufagio mkononi, hafagii.

"Na nikifungua, Mkuu, ulisema nahama leo." Akavuta pumzi. "Basi bora hiyo kesho."

Mlango wa gari ukafunguliwa. Mama Mwenyekiti akaja kidirishani, akamsogeza Mkuu kwa kiwiko.

"Mwanangu, huyu bwana humjui?"

"Namjua vizuri, mama. Hata kikohozi chake nakijua."

"Na humfungulii?"

"Kikohozi hicho ndicho kilichomhamisha mwenzangu."

Mama alicheka mpaka akashika lango. Kisha akamgeukia Mkuu. "Mwalimu, asubuhi ulipokuwa unachagua neno, ulikuwa na hasira na nani?"

"Na wachelewaji," alijibu Mkuu papo hapo. "Watoto wanaingia darasani saa wanayotaka wao! Nikasema lazima wajifunze kufika..."

Aibu ilimpanda Mkuu kuanzia kwenye tai.

"Kufika vipi, Mwalimu?"

Mkuu aliinamia kidirisha, akanong'ona, "Early."

Nyuma ya lango, ngumi ya kushoto ikaanza kukunjuka. E, gumba. A. R. L. Kidole cha mwisho kikasimama peke yake, Y, kimenyooka.

"Sawasawa, Mkuu. Karibuni sana."

Mama Mwenyekiti alitazama saa yake. Kikao cha bodi alichojia kilikuwa kimechelewa saa nzima. Akawa muungwana, hakusema neno.

Lango lilipofunguka, shule ililipuka. Madawati yalipigwa, kofia zikaruka, na "Ko-me-o! Ko-me-o!" ikafuata gari mpaka lilipofika usawa wa mlinzi na kusimama. Mkuu akatoa kichwa. Alikohoa, injini na kila kitu.

"Yale majaribio yako," alisema, akitazama mbele. "Yamekwisha. Umekuwa wetu."

Gari likaenda. Mlinzi alirudisha komeo mahali pake, akasimama wima kuliko mlingoti wa bendera, mikono yote miwili wazi. Nyuma yake, ndani ya nyumba ya lango, mkewe alikuwa ameanza kupigilia msumari wa kwanza ukutani.