Dagaa Juu ya Nyasi za Bi Mwanvua

Sisi wapangaji wa Bi Mwanvua, hapa Kirumba, tunajua kosa moja tu lisilo na msamaha. Gombana na mumeo mpaka mtaa mzima usikie, mama mwenye nyumba atakuja kuamua, na chai yako atakunywa. Lakini zile nyasi bandia za uani, kijani kiangazi na masika, hizo usizichezee. Tereza aliweka jiko la mkaa pembeni kidogo tu, nyasi zikayeyuka, pakabaki doa. Jioni ileile tulimsaidia kubeba godoro.

Kwa hiyo siku niliyotoka sokoni nikakuta makorongo yamejaa uani, yale ya soko la samaki la Mwaloni, yenye vipara na mifuko shingoni, niliangusha kikapu palepale. Achola, jirani yangu wa chumba cha mbele, alikuwa anayapiga kwa kanga huku analia. Mama yake, Akumu, aliyefika jana yake kutoka Shirati, amesimama na beseni.

"Mama ameanika dagaa!" Achola akanipokea. "Kwenye nyasi!"

"Sasa nyasi kazi yake nini?" mama akajibu. "Gunia limenyeshewa njiani. Kwetu ukiona nyasi safi, unaanika. Ningejuaje kwamba hizi zinaheshimiwa kuliko watu?"

Korongo hali dagaa kistaarabu. Walikuwa wamedonoa na kuvuta mpaka kapeti likaachia kwenye kiungo, na kipande cha ukubwa wa sinia kikachanika vibaya. Na Bi Mwanvua yuko msibani Usagara, anarudi alasiri.

Achola akakaa chini, mikono kichwani. Yeye ni fundi cherehani, dirisha lake linatazama barabara. Akina mama wote wa huku wanalijua dirisha lile. Wakipita wanachungulia, wanaacha kitambaa na umbea. Akifukuzwa akapange uchochoroni, atashonea nani?

Nikampigia Shimba, fundi aliyezitandika nyasi zile. Alikuja na kisu, gundi na brashi ngumu, akatutazama nyuso.

"Nani kafa?"

"Bado," nikamwambia. "Anarudi alasiri."

Hakutania tena. Akakata pale palipoharibika mpaka pakawa mraba safi, akaenda nyuma ya tangi la maji, ambapo hapaonekani, akakata kipande cha kuziba. Achola akakinyakua akipachike.

"Wee! Geuza," Shimba akafoka. "Nyasi hizi zinalalia getini. Ukikipachika kimelalia ukutani, hata kipofu atakiona kiraka."

Akatandaza utepe chini, akapaka gundi, akabandika, akaweka ubao juu. Kisha akanitazama mimi, juu mpaka chini.

"Dada, wewe Mungu kakujalia. Panda hapo, usitikisike."

Nikapanda. Mwingine angenuna, mimi nilikuwa nasikiliza geti. Achola akasugua kwa maji ya sabuni kuondoa shombo, Shimba akanyunyiza ule mchanga mweupe unaosimamisha nyasi, akapiga brashi. Mama Akumu akakusanya dagaa wake kimyakimya.

Simu yangu ikalia. Bi Mwanvua.

"Niko njiani, Buhongwa. Niwekee maji ya kuoga. Na mbona unahema?"

"Nafua, mama."

"Wewe? Leo?"

Alipoingia, ubao ulikuwa umeshaondolewa. Shimba akasema amepita tu kukagua. Bi Mwanvua akaketi kibarazani, akatazama uwanja wake. "Leo zimesimama vizuri," akasema. Nilimwona Achola akivuta pumzi, ya kwanza tangu mchana.

Ndipo Mama Akumu akatoka na sahani. Achola alimkonyeza, akamvuta gauni, wapi! Mgeni hawezi kumwamkia mwenye nyumba mikono mitupu.

"Kazawadi kadogo, kutoka Shirati."

Bi Mwanvua ameuza dagaa Mwaloni tangu ujana wake. Wauza dagaa hawaamini macho: wanachukua mmoja, wanatafuna kwa meno ya mbele, kupima mchanga. Akachukua mmoja. *Kacha.* Akatemea kiganjani, akasogeza kwenye mwanga.

"Mchanga wa Shirati naujua," akasema polepole. "Huu mweupe nimeununua mimi."

Shimba akaanza kusoma mawingu. Bi Mwanvua akavua ndara, akaingia kwenye nyasi peku. Akaenda mpaka ukutani, akarudi. Akapita juu ya kiraka. Akapita tena.

"Wapi?"

Achola akajifanya anaokota uzi.

"Hapo ulipokanyaga," akasema Mama Akumu. "Nilianika mimi, makorongo yakachana. Mtoto hakuwepo, alikwenda kupeleka nguo."

Bi Mwanvua akachutama, akapitisha vidole, akatafuta kiungo. Hakukipata.

"Mnasema nilimfukuza Tereza kwa sababu ya jiko," akasema bila kuinuka. "Tereza aliniambia eti ni jua. Kuniona mimi mjinga, uani kwangu! Na wewe Achola ulikuwa njia hiyohiyo. Mama yako kakuokoa."

"Nisamehe, mama."

"Utabaki. Ila yeye haondoki mpaka wale waondoke."

Tukainua macho. Makorongo yamepanga foleni juu ya ukuta, yanasubiri.

Wiki ya pili sasa, Mama Akumu yuko uani na ufagio, Bi Mwanvua kigodani pembeni yake, na umbea wa Shirati wote tumeumaliza. Achola peke yake hana raha. Kila ufagio ukigonga karibu na kiraka, cherehani inanyamaza, asikie kama gundi imeachia.