Shati Jeupe la Daday

Uvumi ulitoka ng'ambo ya mto: kwamba bakla wa kule, wanaume wanaoishi kike, waliokubali kuvaa mashati meupe kwenye maandamano ya kanisa ya Mei walirudi makwao mashati matupu. Aling Pacing aliusikia akinunua dagaa, na haukumtoka kichwani hata alipokuwa anapiga pasi shati la Daday.

Daday, mtoto wake wa pekee, alizaliwa mvulana akakulia kwenye magauni. Kila Mei yeye na wenzake wa saluni hujishonea magauni ya malkia, wakatembea nyuma kabisa ya sanamu ya Bikira Maria huku wakitupiwa maganda ya karanga. Mwaka huu mke wa meya aliwaita waje mbele, ila kwa shati jeupe, suruali na nywele fupi.

"Mbele nikafanye nini, Mama, kama mimi mwenyewe natakiwa nibaki nyumbani?"

"Mwaka jana walikupasua juu ya jicho kwa jiwe. Vaa siku moja tu, mwanangu. Nivalie mimi."

Bebang wa saluni alichungulia mlangoni, gauni lake jekundu begani. "Aling Pacing, shati umelitia wanga mpaka linasimama lenyewe. Huyu shoga yangu utamweka wapi?"

Daday alimvalia mama yake. Bebang akabaki nyuma na gauni lake.

Walipofika kwenye duka la mikate, mikono ya Daday haikuwepo tena. Penye shule, shingo nayo ilikuwa imekwisha. Watu walipiga makofi, mara ya kwanza tangu maandamano hayo yaanze. Mke wa meya alishika mkono wa shati, wakapigwa picha. "Vijana wenye adabu hawa," padri alisema. Huko nyuma Bebang alitupiwa maganda, na jiwe moja.

Jioni shati lilirudi, likakaa mezani. Aling Pacing alipakua wali na samaki, vikapoa. Alipoliwekea gauni ambalo Daday hakumaliza kulishona, shati lililipapasa, lakini halikuweza kushika sindano.

Juma lililofuata baraza la mji lilipiga marufuku magauni kwenye maandamano. Shati lilikuwa limealikwa kikaoni kupiga kura. Mkono wake ulinyooka kukubali, pamoja na mikono ya wajumbe.

Siku hizi Aling Pacing hulifua bila wanga, akisubiri Daday arudi ndani yake. Akina mama wakimuuliza, huwaambia mambo ya kuepuka:

Usimwambie mtoto "siku moja tu".
Usimkate nywele kwa ajili ya wageni.
Usitie shati wanga.
Usifurahie makofi kabla hujaiona mikono yake.
Gauni usiliuze.