Likijaa, Fungeni

Wanasema mshika mawili moja humponyoka. Mwadini alishika matatu: duka la simu mtaani Dengfeng, Guangzhou, mgahawa, na jinzi za kupeleka Dar kutoka Xintang, mji wa viwanda vya jinzi kando ya Guangzhou. Wapakiaji wa Xintang walishazoea kumwona akitoweka bila kuaga. "Msiningoje mimi," aliwaambia siku zote. "Kontena likijaa, fungeni."

Adhuhuri ile aliacha simu zake mezani zipate chaji, akaingia kontenani, akapenya nyuma ya marobota ya jinzi kukagua alama zake. Akaegemea kidogo apumzishe mgongo.

Alizinduka kwenye giza totoro, marobota yamemzunguka mpaka juu. Akaita, jinzi zikaimeza sauti. Kwa mbali alizisikia simu zake zikilia kwa zamu.

"Bosi keshakimbilia kwingine," alisema mpakiaji mmoja, na komeo likashuka.