Jembe Chini ya Barafu

Utasema natunga. Sawa, sema, ila nisikilize kwanza: Septemba ya 2013, bondeni kwetu Kitahana, mchana kweupe, niliona ardhi ikigeuka nyeupe kama imemwagiwa unga. Nilikuwa na simu mkononi, narekodi, nacheka.

Kwenye video nasikika kabisa. Nyuma yangu anasikika Epifania, mke wa kaka yangu Bazilio: "Shemeji, hiyo simu siku ikipata mimba hatutauliza ya nani." Halafu kaka anacheka, kile kicheko chake cha puani. Sina kingine cha kwake zaidi ya hicho.

Tulikuwa watatu, tumejibanza ndani ya tanuri la tofali. Usishangae. Kwetu kiangazi ni msimu wa tofali: unakanyaga udongo, unafyatua, unaanika, kisha unazipanga kuwa kilima kirefu kuliko mtu, na chini unaacha mdomo kama handaki, wa kuingizia kuni. Letu lilishapangwa, bado moto tu. Epifania alikuwa amechoka na chumba cha kupanga kwa Mwajabu, chumba ambacho ukikohoa jirani anakupa pole. Nyumba yake ilikuwa ndani ya zile tofali. Alishaichora kwa kijiti kwenye vumbi: "Hapa sebule, hapa jiko, hapa nje utalala wewe shemeji ukilewa."

Mvua? Nani aliiwaza mvua? Za kwanza kwetu huja mwezi ukiisha, tena zinanyunyiza tu, zinatuliza vumbi. Hatukuwa tumefunika hata kwa nyasi.

Wingu lilitokea upande wa Burundi, jeusi, tumbo lake la kijani. Ukaja upepo wa baridi, halafu mvua ya mawe. Mwanzoni yalikuwa kama punje za mahindi, tukaona raha. Mara yakawa kama mayai ya kanga. Migomba ikachanika vipande vipande. Nyumba zilikuwa juu kilimani, na mdomo wa tanuri ulikuwa hapo hapo. Ungekimbilia wapi?

Kabla hajaingia, Bazilio alifanya wanachofanya watu wetu. Alichukua jembe, akalirusha katikati ya uwanja ili liikate ile mvua. Marehemu mama alikuwa anarusha shoka.

"Kata!" akapiga kelele.

"Nenda basi ukalale nalo hukohuko," Epifania akamwambia.

Kaka akaingia ndani kabisa, shemeji akafuata, mimi nikabaki mlangoni na simu yangu. Nikaona jiwe moja kubwa limekaa peke yake, linang'aa kama jicho. Nikajifunika ndoo kichwani, nikatoka nikalipige picha kiganjani.

Tofali mbichi ni udongo. Tulijua, maana tuliukanyaga kwa miguu yetu wenyewe. Ila mvua ya mawe ikikupiga, unaona dari tu, huoni udongo.

Tanuri halikuanguka kwa kishindo. Lilikaa chini, taratibu, kama mzee anavyokaa.

Pale mdomoni lilibaki tundu la upana wa beseni. Niliwasha tochi ya simu, nikaiuma kwa meno, nikachungulia. Bazilio alikuwa amepiga magoti, mikono chini, tofali zote ziko mgongoni mwake. Epifania alikuwa amelala chini ya kifua chake, kichwa upande wangu, ameshika kifundo cha mkono wa mumewe.

"Rena, mvute," kaka akaniambia.

"Ngoja nichimbe."

"Utachimba na nini? Na meno?"

Nikakumbuka jembe. Nikageuka. Uwanja wote ulikuwa mweupe, umelingana, na mawe bado yanashuka. Nilipiga mateke kushoto, nikapiga kulia, nikapapasa hadi vidole vikafa ganzi. Nikamwita Mwajabu kwa nguvu zote; hata mwenyewe sikujisikia.

"Rena! Mgongo unaisha."

"Usinivute, shemeji," Epifania akasema. "Ukinigusa tu zinashuka zote. Jembe lipo hapo nyuma yako. Nililiona likianguka."

"Mwongo huyo." Naapa kaka alikuwa anatabasamu. "Hajaona kitu. Vuta, mdogo wangu."

"Simwachi! Shemeji, litafute!"

Nilivibandua vidole vyake kwenye mkono wa kaka, kimoja kimoja. Vilirudi, nikavibandua tena. Nikamshika makwapani, nikavuta. Alipochomoka nje, nyuma yake ulisikika mlio mdogo tu, kama gunia la maharage limetuliwa sakafuni.

Watu walifika, wakachimba kwa majembe yao. Walimkuta vilevile, magoti chini. Jua likatoka, kali, kana kwamba hakuna kilichotokea, barafu ikaanza kuyeyuka. Ndipo jembe letu likajitokeza, mpini kwanza, nyuma ya pale nilipokuwa nimepiga magoti. Nadhani nililikanyaga.

Baada ya msiba vijana wakaniomba niwarushie video ya mawe. Niliwarushia. Ikasambaa hadi Kakonko. Watu wanaipenda pale pa simu kupata mimba, wanarudia, wanacheka pamoja na kaka yangu.

Epifania alirudi kwao Kasulu. Mwaka huu, 2015, nilimkuta sokoni, anauza dagaa. Alinipa kigoda, akaniuliza habari za Kitahana, akanitania kwamba hata simu mpya haijanipatia mke. Nikacheka. Nilipoaga alinishika kifundo cha mkono, akakaza.

"Lilikuwa pale, shemeji."

Kisha akaniachia mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akageukia mteja.

Nimekaa stendi, gari halijajaa, naandika haya. Juu ya vilima kuna wingu dogo, na Septemba imeingia. Basi niambie wewe: tochi iko mdomoni, kaka anasema vuta, mkewe anasema tafuta, na nyuma yako kote ni kweupe. Ungefanyaje?