Mwaka wa Kondoo Yupi?

Kibodi ile niliiagiza kwa kiburi. Ilitoka China, ndogo, ya bei ya chini, tenge elfu tisa tu za pesa yetu, kila kitufe na springi yake. Wenzangu kazini hapa Almaty walilipa mara tatu kwa kitu kile kile, nikajiona mjanja wa mjini.

Nilimnunulia baba, Tolegen, aliyepiga taipureta miaka thelathini kwenye gazeti la wilaya. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, kalamu haishiki tena, naye alikuwa akiandika kitabu cha ukoo wetu: nani alizaliwa lini, nani alikufa lini. Miaka yote ilikuwa kichwani mwake, kama alivyoisikia kwa bibi yake. Hakubaki mwingine wa kuulizwa.

Nilipomfikishia nyumbani kwao kule Taraz, akagonga tak tak tak, akacheka kama mtoto.

"Ee, inasema! Kama mashine yangu ya gazetini! Kulyash, njoo usikie!"

"Naisikia hadi jikoni," mama akajibu. "Raushan, umetuletea kigogota ndani ya nyumba."

Kibodi yake ya zamani, pana na iliyojaa makombo ya maandazi, niliibeba kwa mikono yangu hii nikaitupa jalalani. Mezani pakapatikana nafasi ya birika.

Wiki mbili baadaye baba akapiga simu.

"Mwana-ngamia wangu," akasema, maana ndivyo alivyonidekeza tangu utoto, "hivi tarakimu zimekaa wapi?"

"Baba! Mstari wa juu kabisa. Si zimeandikwa?"

"Nikigonga hapo zinatoka herufi."

"Basi hujagonga vizuri. Mtu mzima wa gazeti anashindwa na kitufe? Niko mkutanoni, nitakupigia."

Sikumpigia. Na alikuwa anagonga vizuri. Ukiandika Kikazakhi, mstari wa juu wa kibodi unakaliwa na zile herufi zetu tisa, na tarakimu unazigonga kwenye vitufe vya pembeni, mkono wa kulia. Kibodi ndogo haina pembeni. Ndiyo maana ni ndogo, ndiyo maana ni rahisi. Lakini mimi kazini naandika Kirusi kutwa, ambacho tarakimu zake ziko pale pale juu, nikasahau lugha ya baba yangu inavyoandikwa. Aibu hiyo sina wa kumtupia.

Alifariki mwezi Machi. Baada ya arobaini nikafungua kompyuta yake. Kitabu kilikuwa kimekamilika, ila hakina mwaka hata mmoja kwa tarakimu. Badala yake aliweka wanyama, maana sisi miaka huihesabu pia kwa wanyama kumi na wawili, na wakiisha wanaanza upya. "Aisulu, alizaliwa mwaka wa Kondoo, alikufa mwaka wa Nyani, wakati wa njaa." Njaa naijua, ni ya 1932. Lakini Kondoo yupi? Wa 1931, wa 1919, au wa 1907? Alikufa mtoto wa mwaka mmoja, binti wa miaka kumi na mitatu, au mama wa ishirini na mitano? Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa, farasi, sungura, panya, mpaka machozi yakanizuia.

"Mbona hakuniambia?" nikamuuliza mama.

"Siku ile ile ya simu alikwenda jalalani kuitafuta ile ya zamani. Gari la taka lilishapita zamani. Akaniambia, 'Usimwambie Raushan, amenunua kwa moyo wake. Akija tutajaza miaka pamoja.'"

Nilikuwa nimeahidi kwenda sikukuu ya mwaka mpya. Sikwenda. Majuto ni mjukuu, nami sina mtoto. Mjukuu huyo ndiye niliyeuongezea ukoo.

Jina la baba lilikuwa karibu na mwisho. "Tolegen, mwaka wa Farasi." Huyo farasi namjua. Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, lugha ikageuka Kirusi, na pale pale mstari wa juu nikaandika 1942.

Vitufe viwili tu. Ningeweza kumwambia hata nikiwa mkutanoni.